Migomba yetu si eneo wazi

Leo nimeambiwa nikae chini mbele ya mtaa mzima. Sijakaa!

Afisa mipango miji kaja hapa Msasani yetu ya Unyakyusani, eti kukusanya maoni yetu kuhusu mtaa. Kabandika ramani ukutani, imeshapakwa rangi zote. Sasa maoni ya nini?

Nikatafuta kwetu. Nyumba ipo. Migomba ya nyuma imeandikwa "eneo wazi, maegesho ya magari".

Nikasimama. "Hapo tumemzika bibi."

"Dada, kaa chini," afisa akanijibu. " Watu wanazikwa makaburini."

Jamani! Kumwambia Mnyakyusa hivyo, wakati wengi wetu tunazika nyumbani!

Mama yangu akajifunga kanga. "Haya baba, twende ukamwambie mwenyewe."

Mkutano mzima ukanyanyuka, na mvua yetu hii.

Kufika kwenye migomba, afisa kagoma kuingia. Kasimama njiani na mwavuli wake.

"Siwezi kukanyaga kaburi la mtu," akasema.

Nikamuuliza, "Wewe huwezi, ila magari ndiyo yakanyage?"



Haya, na nyie nendeni mkaangalie ramani za kwenu. Babu zenu wameandikwa nini?