Stelingi wa Shati la Njano

Harufu ya petroli ikichanganyika na ya migomba iliyolowa hunitia woga hadi leo. Juzi jirani yangu aliwasha jenereta baada ya mvua, nikajikuta nimesimama jikoni na mwiko mkononi, nina miaka tisa tena, nimebanwa katikati ya watoto wa mtaa wa Kashai, nasubiri watu waanze kupigana risasi kwenye televisheni.

Mama mdogo Kemilembe, mdogo wake mama, ndiye aliyekuwa na video mtaani kwetu. Mumewe aliileta kutoka Uganda, halafu akaugua na kufa, na mama mdogo akabaki na televisheni, deki, jenereta na mkanda mmoja. Kila Jumapili baada ya ibada aliziba dirisha kwa kanga, nasi tukajipanga sakafuni. Ilikuwa filamu ya mapambano katika mji mkubwa sana. Magari yalipinduka, vioo vikamwagika, ving'ora vikalia mpaka meno yakaniuma. Jengo refu kuliko yote nililolijua mimi Bukoba lilikuwa na ghorofa mbili, na baada ya filamu ile nikawa nalipita kwa upande wa pili wa barabara, nisije nikaangukiwa na mtu. Niliiogopa kupita kiasi, na sikukosa hata Jumapili moja.

Stelingi, shujaa wa filamu, alivaa shati la njano. Majambazi walimkimbiza hadi ghorofa ya juu kabisa, wakamsukuma dirishani, akabaki ananing'inia kwa vidole. Hapo mkanda ukaisha, zikabaki chengachenga kwenye kioo. Sehemu ya pili haikufika, maana mume wa mama mdogo, aliyeahidi kuifuata, alikuwa kaburini. Watoto wakubwa walitutuliza kwa maneno mawili, "Stelingi hafi," nasi tuliyaamini kuliko katekisimo.

Naomba mnielewe. Miaka ile mtoto alihitaji kuamini kwamba kuna mtu asiyekufa. Mtaani milango ilikuwa inafungwa mmoja baada ya mwingine, na wenzangu wa darasani wanahamishiwa vijijini kwa bibi zao. Wakubwa waliuita ukimwi Juliana, jina la kitambaa cha magendo kilichovuka mpaka pamoja na wachuuzi, na wakilitaja walishusha sauti. Mimi niliwahesabu watu wetu kila jioni, nikihakikisha wote wapo.

Jumapili moja mama mdogo alivuta kamba ya jenereta mara tatu, kisha akakaa chini kwenye matope. Gauni lilimteleza begani. Hakuna aliyeniambia kitu, lakini nilijua ni Juliana.

Shule zilipofungwa mimi na mama tulimpeleka kwa Bibi, kijijini karibu na Rubya. Umeme haukuwepo, televisheni ikabaki Kashai. Alitandikiwa godoro karibu na mlango ili aone wageni. Bibi aliwapitishia kikapu kidogo cha buni za kutafuna, kama ilivyo desturi yetu, nao wakatafuna na kuongea habari za mvua, kisha wakamwambia mgonjwa kwamba anaendelea vizuri. Nilimwona mama mmoja akizifunga buni zake kwenye pindo la kitenge badala ya kuzitia mdomoni. Aliogopa nyumba yetu. Nami nilimwogopa yeye, kwa kuwa alijua.

"Koku," mama mdogo aliniambia mchana mmoja, "nisimulie ile filamu."

Nikawa namsimulia kila siku, risasi na breki nikizipiga kwa mdomo. Nikifika dirishani nanyamaza.

"Halafu?"

"Bado ananing'inia."

Nilikuwa nimejiwekea sharti bila kumwambia mtu. Maadamu stelingi ananing'inia, mama mdogo hatakufa. Nikimaliza hadithi, wote wawili wamekwisha. Kwa hiyo nikazidi kuichelewesha. Niliongeza majambazi, nikaongeza magari, na magari yaliponiishia nikakatisha ng'ombe wa Bibi barabarani katikati ya mji ule. Mama mdogo alicheka mpaka akakohoa.

Kisha ikaja siku ambayo sauti yake ilikuwa ndogo, ikabidi niiname ili niisikie.

"Mshushe, mwanangu. Vidole vyake vimechoka."

"Akianguka je?"

"Si wewe unayesimulia? Mtafutie kitu cha kumpokea."

Nikatazama nje. Juu ya ua Bibi alikuwa ameanika lubugo, lile shuka la rangi ya udongo linalotengenezwa kwa gome la mti lililopondwa. Alilitoa sandukuni wiki ile, na mimi nilidhani ni la kumkinga mgonjwa na baridi. Nikasema watu wa mji walitoka majumbani, wakaja na lubugo kubwa, wakalishika pembe zote, wakamwita stelingi aachie. Akaachia. Akatua polepole. Wakamfunika nalo vizuri, maana huko juu kulikuwa na baridi.

Bibi alikuwa mlangoni anamenya ndizi. Kisu chake kikasimama. Mama aliinuka akaenda nyuma ya nyumba.

"Wamempokea vizuri," mama mdogo akasema. "Sasa apumzike."

Alifariki siku ya tatu. Nilipoona anavyoviringishwa ndani ya lubugo lile lile ndipo nilipojua kazi yake, na kwamba Bibi alikuwa analiandaa. Nilikaa juu ya nyasi zilizotandazwa kwa ajili ya waombolezaji, nikashindwa kulia kwa woga. Niliamini nimemuua. Niliishi na woga huo hadi nikawa na watoto wangu, na sikuwaruhusu wanisimulie filamu yoyote mpaka mwisho.

Mwaka ambao mama aliugua kidogo tulikaa pamoja tukimenya ndizi, nikamwambia yote. Alimaliza kwanza ndizi aliyoishika.

"Sisi wote tulikuwa tunamwambia atapona," alisema. "Aliogopa kutuvunja moyo. Jioni ile ya hadithi yako alikula, mara ya kwanza kwa siku nyingi. Akaniambia, dada, Koku amenishusha."

Niliendelea kumenya, machozi yakinidondoka kwenye maji ya ndizi. Mama mdogo alijua lile shuka la uani ni la nini tangu lilipoanikwa. Mimi peke yangu, kwa kutojua, ndimi niliyeweza kulitaja mbele yake, na yeye alikuwa amelisubiri litajwe.