Balbu Haishikwi Kichwani

Nakumbuka alfajiri moja ya Jumatano, mwanangu, askari wa trafiki aliponisimamisha karibu na Adams Arcade, Nairobi, akaniambia gari langu lina jicho moja. Hakunitusi. Aliigonga taa ya kushoto kwa ukucha, akasema akiniona tena na chongo hilo, gari litalala kituoni. Nyuma nilikuwa nimebeba makreti ya nyanya na magunia ya sukuma wiki kutoka soko la Marikiti, na akina mama wa Kenyatta Market walikuwa wakiningoja ili wapange meza zao.

Pikapu hiyo aliiacha baba. Mama alikuwa ametangulia kufariki, na alipougua ndipo mimi, kifungua mimba wao, nilipotoka shule nikiwa darasa la saba. Sikurudi tena. Baba naye alipofariki nilibaki na wadogo watatu katika nyumba ya kupanga ya vyumba viwili huko Riruta: Agneta aliyekuwa kidato cha pili, na mapacha wa shule ya msingi. Kazi yangu ilikuwa kuwabebea wanawake wa soko mizigo yao kabla jua halijachomoza. Gari hilo ndilo lililokuwa unga wetu, karo yetu na paa letu.

Lakini kitabu cha gari, hati ya kuonyesha mwenyewe ni nani, kilikuwa kwa baba mdogo, mfukoni mwa koti. Baada ya mazishi alisema pikapu iuzwe, nasi tugawanywe kwa shangazi zetu huko magharibi. Nililia, nikamsihi. Mwishowe akanipa mwezi mmoja: akikuta gari zima mikononi mwangu atanikabidhi kitabu, akilikuta bovu atakuja na mnunuzi. Akaongeza mbele ya watu, "Hii gari si sufuria, Rozi. Taa ikizima utaiimbia pambio iwake?" Watu walicheka. Mwezi huo ulikuwa unaisha Jumapili.

Basi Jumatano hiyo, nilipokwisha kushusha mizigo, nilirudi mjini kwenye maduka ya vipuri nikanunua balbu moja. Muuzaji alitaka kunieleza jambo, nikamwambia najua. Kumbuka neno hilo, mwanangu. Limewapoteza wengi kuliko usingizi.

Nilipofika nyumbani nilifungua boneti. Baba aliwahi kunionyesha jinsi ya kutoa balbu: unazima taa na kuiacha ipoe, unachomoa plagi ya nyaya, unavua kifuniko cha mpira, unabonyeza kibano cha waya, nayo inatoka. Hadi hapo nilijua kweli. Kiboksi cha balbu mpya kilikuwa na maandishi ya Kiingereza pande zote na picha ya mkono uliopigwa mstari. Kiingereza changu kilikuwa kimeishia darasa la saba. Agneta alikuwa ndani, mlango wazi, akifanya kazi ya shule. Ningenyoosha tu mkono na kumwambia, nisomee. Nikaona haya. Mimi niliyemlipia karo, nimwombe anisomee boksi? Nikajiambia mkono ule maana yake ni shika kwa mkono, na mstari ule ni mahali pa kuchania karatasi. Nikakichoma kiboksi jikoni, juu ya makaa.

Sasa sikiliza kosa lenyewe. Utotoni mwangu kwetu hakukuwa na stima, na kusafisha kioo cha taa ya mafuta ilikuwa kazi yangu, kwa sababu mkono wangu ndio uliopenya ndani yake. Unahemea kioo pumzi, unapangusa kwa vidole na gazeti mpaka king'ae. Mama alinisifu kwa hilo mbele ya wageni. Nikaifanyia balbu vivyo hivyo. Niliihemea, nikaipangusa kwa vidole vile vile nilivyokuwa nimepaka mafuta asubuhi, nikaigeuza juani, nikaona imetakata kama jicho la mtoto. Nikaitia mahali pake. Ikawaka. Nilizunguka gari mara tatu kwa maringo, majirani wote wanione.

Alhamisi iliwaka. Ijumaa alfajiri niliwasha gari, nikauona mwanga ukianguka upande mmoja tu wa ukuta wa ploti, ua wa nyumba zetu za kupanga. Kushoto kulikuwa na giza. Sikuthubutu kutoka. Siku hiyo meza kadhaa za Kenyatta Market zilikaa tupu kwa sababu yangu, na mama mmoja alituma ujumbe kwamba nikikosa tena atatafuta gari lingine.

Jirani yetu alikuwa mzee aliyeendesha malori maisha yake yote. Watoto wa ploti wote walimwita Guka, yaani babu kwa lugha yake, nasi tukafuata. Kulipopambazuka alinikuta nimeketi kwenye bampa. Hakuniuliza nalia nini. Aliomba balbu, akaitwaa kwa kitambaa, akaielekeza kwenye mwanga. Kwenye kioo palikuwa na uvimbe mweusi, kama lengelenge.

"Unaona hii?" akasema. "Hii ni kidole yako."

Nilimwambia niliipangusa iwe safi. Akacheka kidogo, si kwa dharau, akanieleza kwamba balbu ile huwaka moto kama jiko, na mafuta ya ngozi yakibaki kwenye kioo, pale panaungua kabla ya pengine. Haishikwi kichwani. Inashikwa kiunoni, penye chuma. Kisha akauliza kiboksi chake kiko wapi. Nikasema nilikichoma. Akauliza kama nilikisoma kwanza. Nikakiri kwamba niliona haya kumpa Agneta anisomee.

Hapo ndipo uso wake ulipobadilika. "Sikiza, Rozi. Mimi sikuenda shule hata siku moja. Nimeendesha lori mpaka Mombasa na Kisumu nikiuliza kila kibao kinasema nini. Hujui, hiyo si aibu. Aibu ni wewe una msomaji kwa nyumba, unampatia karo, halafu unamficha kazi yake. Unamsomesha awe nani?"

Mwanangu, nimekemewa mara nyingi maishani, lakini kemeo hilo liliingia mfupani. Waliosema mficha uchi hazai hawakuwa wakitania. Nilikuwa nimeuficha ujinga wangu ili wadogo zangu waniheshimu, na ujinga huo huo ulikuwa karibu kuwatawanya kama vifaranga.

Jumamosi nilinunua balbu ya pili. Safari hii nilimwachia muuzaji aseme mpaka akachoka. Nyumbani nilimwita Agneta, nikampa kiboksi, nikamwambia bila kupamba: "Nisomee. Ile ya kwanza niliiharibu kwa sababu sikuelewa, na niliona haya kukuuliza."

Nilidhani atacheka. Akasema polepole, "Dada, mimi huwa nakuogopa. Nilidhani wewe hujui kuona haya." Halafu akasoma, akigeuza kila sentensi kwa Kiswahili, na alipofika kwenye mkono uliopigwa mstari akasema maana yake ni usiguse kabisa. Hapo tukacheka wote wawili mpaka mapacha wakatoka kuuliza kuna nini. Nilinawa mikono kwa sabuni, nikashika balbu kiunoni kwa kitambaa safi, nikaitia. Masikio yake matatu, vile vibati vya kiunoni, hukaa kwa namna moja tu. Yasipoingia, usilazimishe, geuza.

Jumapili jioni baba mdogo alikuja na mnunuzi wake. Niliwasha taa, ukuta wote wa ploti ukawa mweupe. Alizunguka gari. Akasema nimemlipa fundi. Nikasema hapana, ni mimi. Akaniambia, "Basi itoe, na uirudishe nikiona."

Nilizima taa, nikaingoja ipoe. Majirani walikuwa wameshajaa. Niliitoa, nikamwonyesha panaposhikwa na pasiposhikwa, nikairudisha, nikawasha. Ikawaka. Akanitazama, akatupa swali lake la mwisho: "Na siku ikizima, na hujui sababu?"

Siku saba kabla ya hapo ningemjibu kwamba najua kila kitu. Nikasema, kwa sauti ambayo hata wa nyumba ya mwisho waliisikia, "Nitauliza."

Baba mdogo akatia mkono kwenye koti, akatoa kitabu cha gari, akanipa kwa mikono miwili kama anavyopewa mtu mzima. Mnunuzi alirudi kwao kwa miguu. Sisi wanne hatukutenganishwa. Kesho yake alfajiri nilipita Adams Arcade na macho mawili, nikapunguza mwendo makusudi ili yule askari anione vizuri.

Leo wadogo zangu wana nyumba zao, na Agneta anafundisha. Nami sioni haya kusema najivunia mikono hii, ingawa vidole vyake viliwahi kuunguza balbu. Madereva wanawake wa soko waliponiuliza namna ya kubadilisha taa niliwaonyesha, na kila mmoja nilimwanzia na lile lengelenge.

Kwa hiyo, mwanangu, hasa wewe uliyetangulia kuzaliwa ukabebeshwa nyumba kabla ya wakati: uwe imara, lakini usiufanye uimara kuwa ukuta wa kujifichia. Ulichojifunza kwa taa ya zamani kiheshimu, ila usikilazimishe kwa taa mpya. Kila kazi ina mahali pake pa kushikwa. Usipopajua, uliza, hata kama anayejua ni mdogo wako uliyembeba mgongoni. Unayemsomesha, mpe nafasi akusaidie. Kumwomba msaada hakukupunguzii ukubwa. Kunamwonyesha kwamba jasho lako halikupotea.

Mungu akupe mikono isiyokimbia kazi na kinywa kisichoogopa kuuliza. Akuwekee watu wa kukukemea kwa upendo. Na ukitangulia mbele, njia ikuwie nyeupe, hata wanaokufuata waone pa kukanyaga.