Shamba Alimolazwa Mwanangu

Mama yangu aliamini hadi asubuhi ile kwamba mtoto angegeuka. Alikuwa amekaa tumboni kichwa juu, kama mtu aliyeketi kwenye kigoda akisubiri kuitwa, na daktari alishasema hatangojewa ajigeuze mwenyewe. Nitapasuliwa. Kwa hiyo niliondoka Ngaka, ambako mume wangu anafanya kazi kwenye mgodi wa makaa ya mawe, nikaenda kwa mama, kijijini Mpepai, kama desturi ya kwetu inavyotaka kwa uzazi wa kwanza.

Mama hakuwa na la kufanya kuhusu kisu, akahamishia woga wake kwenye kanga. Alizifua, akazianika, akazipiga pasi ya mkaa pande zote mbili, kwa sababu alikuwa amesikia kwamba kidonda cha kupasuliwa hakitaki uchafu. Alizikunja zikalingana, akazipanga kwenye beseni pamoja na pamba, sabuni na wembe mpya. Kila jioni alizitoa na kuzikunja upya. Nilimtazama nikiwa nimelala ubavu, tumbo limenielemea, nikafikiri kwamba hakuna mtoto Mpepai nzima aliyewahi kungojwa kwa nguo zilizonyooka namna ile.

Wajomba zangu walikuja hospitali Mbinga mjini kutoa damu, endapo ingehitajika. Mmoja alikunywa chai ya maziwa kikombe baada ya kikombe, akidai anaongeza ujazo.

“Sista,” alimwambia nesi aliyekuwa akimfunga mkono, “damu hii ya Kimatengo ni nzito. Mtoto akitoka ameshika jembe msishangae.”

“Na wewe ukizimia hapa, mjomba, tusishangae?” nesi alimjibu.

Alicheka kila mtu, hata mama. Nakumbuka kicheko kile kwa sababu ndicho cha mwisho cha mama kukisikia kwa muda mrefu.

Niliambiwa nisile. Asubuhi nesi aliniuliza kama nimekula, nikasema hapana. “Hata chai?” Hata chai. “Hata mate hajameza,” mama aliongeza toka mlangoni, maana alikuwa amekesha akinilinda kama mlinzi wa ghala. Wakaninyoa, wakaniwekea mpira wa mkojo, wakanivalisha gauni lililo wazi mgongoni. Ndani ya chumba cha upasuaji palikuwa na baridi kuliko alfajiri ya kuchuma kahawa. Nilikunjwa mgongo kama ndizi, sindano ikaingia, na polepole miguu yangu ikawa ya mtu mwingine.

Walitundika kitambaa mbele ya uso wangu. Sikuona kitu. Nilisikia kuvutwa bila maumivu, kama mtu anayepekua begi lililo mapajani mwangu. Kisha sauti, moja tu, nyembamba.

“Wa kike,” mtu alisema.

Walimpitisha karibu na uso wangu. Nywele zake zilikuwa nyingi, zimelala kichwani kwa unyevu. Kisha nikasikia viatu vikienda mbio. Nataka niseme hili waziwazi: walifanya walichoweza. Nilisikia jinsi walivyokimbia. Pumzi yake ndiyo ilikataa kukaa.

Aliishi hadi mchana. Mimi nilikuwa wodini, nimelazwa chali, nimeambiwa nisiinue kichwa, miguu bado haijanirudia. Mama aliitwa alikolazwa mtoto. Alipoona hali yake alichota maji kwa kiganja akambatiza mwenyewe, kama tulivyofundishwa kwamba Mkristo yeyote anaweza kufanya kukiwa na hatari. Jina alilompa halitoki nje ya nyumba yetu.

Kisha nesi akaja akakaa kitandani kwangu. Manesi hawakai kitandani kwa mgonjwa. Alipokaa tu, nikajua.

Waliniletea mtoto amefungwa kwenye kanga iliyopigwa pasi. Wakamweka kifuani pangu, mama akamshikilia upande mmoja kwa sababu mimi sikuweza kuketi. Nilimnusa. Nilitaka kumfungua nione miguu yake, lakini niliogopa kwamba kanga ikishafunguliwa sitaweza kuifunga vizuri kama mama.

“Nampeleka nyumbani, mama,” mama yangu alisema. Ananiita mama anaponibembeleza.

“Mtamweka wapi?”

“Nyumbani.”

Akaondoka na dada yake, mama mkubwa, gari likawachukua kwenda Mpepai. Kwetu mtoto aliyefariki kabla ya kutolewa nje kuonyeshwa watu huzikwa na wanawake wazima, wachache, bila matanga. Wanaume hawaendi. Mama yake haendi wala haonyeshwi kaburi. Nilikuwa nimelijua jambo hili tangu utotoni kama ninavyojua kwamba kahawa huiva nyekundu. Sikuwahi kufikiri kwamba ningelala chali siku moja nikiwa ndiye huyo mama.

Mume wangu alifika jioni, kwa lori la makaa lililompa lifti, vumbi jeusi bado likiwa kwenye kope. Alikuwa amechelewa kwa kila kitu. Sauti ile moja hakuisikia. Alishika chuma cha kitanda, akatazama kando yangu mahali palipo wazi.

“Yuko wapi?”

“Wamempeleka.”

“Wapi?”

Tangu saa ile, swali hilo likawa letu sote wawili, na kwangu likawa ndilo lililoniamsha kitandani.

Maana kuamka baada ya kupasuliwa ni kazi. Unageuka ubavu kwanza, unaminya kanga iliyokunjwa juu ya mshono, unashusha miguu, na tumbo linakuambia litamwagika. Kukohoa ni adhabu. Kucheka ni adhabu kubwa zaidi, na jirani yangu wa kitanda, mama mnene wa upande wa Songea aliyekuwa amepasuliwa kila alipozaa, hakujali. Huruhusiwi kula hadi utoe upepo, ndipo wajue utumbo umeamka, na manesi walipita kuuliza kila mmoja.

“Wewe je, umejamba?”

“Bado,” nilinong’ona.

“Jamani, jitahidi!” jirani alinipigia kelele. “Mwenzio nilipojamba uzazi wa pili, mume wangu aliita ndugu zake wote kwa simu. Hapa ushuzi ni habari njema.”

Nikacheka, nikashika mshono, nikalia, na kilio hakikutaka kukoma. Yule mama alishuka kitandani kwake, akimwacha mtoto wake amelala, akaja polepole ameinama akanishika kisigino. Hakuniambia nitapata mwingine. Kwa hilo namshukuru hadi leo.

Maziwa yalikuja hata hivyo. Hayakuwa na taarifa. Yalilowesha gauni nikiwa nimeegemea dirisha, na mama alipochukua kitambaa kunifunga kifua, alifunga akiwa ametazama ukutani.

Niliporuhusiwa kurudi Mpepai, mama alinihudumia kwa namna pekee aliyoijua. Kwetu mzazi hukandwa. Maji yanachemshwa hadi yaunguze, kitambaa kinatumbukizwa, na mwanamke mwenye mikono yenye nguvu anakikandamiza tumboni ili damu iliyobaki itoke na tumbo lirudi. Mama aliwakanda dada zangu wote, na sifa zake zilifika vijiji vya mbali. Lakini hospitali walimkataza: mshono haukandwi. Asubuhi ya kwanza alikuja na sufuria linatoa mvuke, akasimama nalo mlangoni, hajui aende nalo wapi. Mwishowe aliniosha miguu. Akaikanda miguu kana kwamba ndiyo iliyozaa.

Hapo ndipo nilipomuuliza.

“Mama, mlimweka wapi?”

Kitambaa kilisimama kifundoni.

“Usiulize, mwanangu.”

“Nataka kupajua tu.”

“Ukipajua utapapita kila siku. Utakwenda kuchota maji utapita hapo. Utakwenda kanisani utapita hapo. Wangu wa kwanza alizikwa hivyohivyo, bibi yako akanificha mahali, nikapona.”

“Ulipona?”

Alikamua kitambaa kwa nguvu, maji yakamchuruzika hadi kwenye viwiko. Sikuwa nimewahi kujua kwamba mimi si mtoto wake wa kwanza.

Mume wangu alikuja kila alipopata mapumziko. Mkwe hawezi kumuuliza mama mkwe wake jambo kama lile. Alikaa naye uani kwa adabu yote.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba baba. Za Ngaka?”

“Nzuri mama. Mvua tu.”

“Mvua hata huku.”

“Naona mama. Nyingi.”

Wakaimaliza mvua yote. Kisha aliingia ndani, akaketi karibu yangu, akanong’ona: “Umemuuliza?”

Niliposimama mlangoni niliona miteremko yote ya kwetu: kahawa chini, migomba, na juu shamba lililopumzishwa, limemea majani marefu ya kufika kifuani. Niliamua kwamba mshono ukikauka nitapanda nikatafute. Lakini baridi ya mvua na ukungu wa huko ilikuwa ikiingia kwenye mshono kama sindano, na mume wangu akaona ni heri nikapate joto kwa mama yake, Chiwanda, ziwani. Tuliteremka milima ile yenye kona nyingi, mto nimeuminya tumboni, yeye akimwomba dereva kila baada ya shimo: “Kaka, taratibu, kuna mgonjwa.”

Mama mkwe alikuwa na vichanja vya kuanikia usipa, dagaa wa kule, ufukweni. Aliniweka kwenye mkeka, na kazi yangu ikawa kufukuza kunguru kwa ufito huku samaki wakikauka. Ziwa lilikuwa pana, halina la kuniambia. Siku moja, akigeuza usipa kwa viganja, aliniuliza mjukuu wake alizikwa wapi.

“Sijui, mama. Kwetu haturuhusiwi kujua.”

Aliendelea kugeuza hadi mwisho wa kichanja.

“Huku mtu akizama tunamtafuta,” alisema. “Hata kama tunajua amekufa. Tunatafuta ili tujue tu alipo. Sasa sikiliza, mkwe wangu. Siingilii mila za watu wa milimani. Lakini nenda ukamwambie bibi mwenzangu hivi: mimi nami ni bibi. Nataka kujua nimlilie nikielekea upande gani.”

Nilijua uzito wa salamu ile. Mama angeweza kuninyima mimi, binti yake. Ombi la mkwe mwenzake, bibi wa upande wa pili, hawezi kulirudisha bila kumvunjia heshima.

Nilirudi Mpepai mwishoni mwa mvua. Nilipofikisha ujumbe, mama aliinuka. Kisha akavaa kandambili, akachukua fimbo, akanipa ile fimbo mimi.

“Twende,” alisema. “Lakini kuna jambo.”

Hakulisema njiani. Nilipanda kwa kupumzika, mkono mmoja kwenye mshono. Tulipita kahawa, tukapita migomba, na tulipotokeza juu nikaona kwa nini alishindwa kulisema.

Majani marefu hayakuwepo. Shamba lote lilikuwa limelimwa ngolo. Wanaume hukata majani na kuyalaza kwenye mteremko yakakatana kama miraba ya wavu. Wanawake hufuata, huchimba udongo wa katikati na kufunikia majani, likabaki shimo. Shimo na shimo, tuta na tuta, mlima mzima unakuwa kama sega la nyuki. Kazi ya mtu mmoja haifanani na ya mwingine, lakini ikishaisha hakuna anayeweza kusema kulikuwa na nini hapo kabla.

“Niliugua homa ulipokuwa ziwani,” mama alisema. “Majirani wakanionea huruma. Wakaja kwa ujima, wanaume kwa wanawake, wakalima hadi maharage wakapanda. Niliposikia nyimbo nilidhani wako kwa jirani. Hakuna aliyejua. Nani angewaambia? Tulikuwa wawili tu tunaojua.”

“Mlichimba kina gani?”

“Kirefu. Jembe la ngolo halifiki. Hakuguswa, mwanangu, hilo naapa.” Akatembea juu ya tuta, akasimama. “Palikuwa na kisiki cha mgrevilea, nao wamekichukua kuni. Dada anasema ni hapa.” Akasogea, akashuka miraba kadhaa. “Mimi nasema hapa.” Akageuka akatazama nyuma, kisha chini. Mama ambaye alifunga kifua changu akitazama ukuta alilia sasa katikati ya shamba, kwa sauti, kama hakuna mtu. “Au pale,” alisema. “Sijui. Nimempoteza mwenyewe.”

Nilishuka hadi kwake. Sikuweza kumwinua, nimekatazwa kuinua kitu kizito, kwa hiyo niliketi. Nilitazama matuta yaliyonizunguka. Mahali nilipoketi palikuwa tuta pana, maharage yamechomoza. Niliweka kiganja kwenye udongo, ulikuwa wa vuguvugu juu na baridi chini. Nikasema: “Ni hapa.”

“Unajuaje?”

“Ni hapa, mama.”

Simu ililia. Alikuwa mume wangu, anajua tumepanda leo, nyuma yake malori yakinguruma.

“Umepaona?” aliuliza.

“Nimepaona.”

“Pakoje?”

“Udongo ni mweusi,” nilimwambia. “Maharage yametoa majani mawili mawili. Jua linapafikia mapema asubuhi. Ukisimama hapa unaona njia yote hadi kwenye kahawa.”

“Endelea,” alisema.

Nikaendelea. Mama alichuchumaa kando yangu, amejifuta uso kwa upindo wa kanga, akasikiliza kama mtu anayeelekezwa njia.