Bakuli Lililochelewa Kurudi

Najua utasema nilikuwa na homa, au uzee unaninyemelea. Sema tu. Mimi siku ile nilikuwa mzima, nimetoka kazini na mfuko wa vitunguu mkononi, na bakuli ninalokuhadithia liko kabatini kwangu Ladywood, hapa Birmingham, ghorofa ya tisa. Asiyeamini apande aje alione, ila ajue lifti mbovu.

Kisa kinaanzia mwaka ule wa kwanza wa korona, kwa hiyo nivumilie kidogo. Nilikuwa nafua mashuka katika hoteli moja mjini. Hoteli ikafungwa, tukaambiwa tukae nyumbani. Nikabaki na binti yangu Salma, wakati ule ana miaka kumi na minne, mtoto wa huku huku: Kiswahili anakisikia chote, kukijibu ndiyo kazi. Ruhusa ya kutoka kutembea ilikuwa mara moja kwa siku. Sisi wa maghorofani hatuna bustani wala uani, pa kutembea palikuwa mferejini.

Nikisema mfereji usifikirie mtaro wa maji ya mvua. Mji huu umekatwakatwa na mifereji mipana ya zamani, iliyochimbwa kupitisha boti za makaa na vyuma. Siku hizi zinapita boti za starehe na za watu wanaoishi humo humo, ndefu, nyembamba, zimepakwa rangi kama sanduku la biharusi. Kabla ya korona nilikuwa siteremki kule. Mwisho wa wiki ni walevi, baiskeli zinakupita kana kwamba zimetumwa kukuua, na boti za sherehe zinapiga muziki mpaka bata wanahama.

Korona ilinyamazisha vyote. Wallahi mpaka leo nautamani ukimya ule, ingawa ulikuwa wakati wa msiba na kila wiki tulisikia fulani kafa. Boti ziliamriwa zibaki pale zilipofungwa, zisisogee. Maji yakatulia hata tukaona vilivyolala chini: troli za dukani, baiskeli, kiti cha ofisi. Watoto walichora pinde za mvua wakazibandika madirishani. Mabenchi yalizungushiwa utepe watu wasikae. Na watu wa mji huu, ambao miaka kumi na tisa hawajanipa salamu, wakawa wanasimama kando ya njia wakupishe, kisha wanakuuliza umeamkaje. Nani aliwahi kuyaona hayo Birmingham?

Hapo ndipo nilipomjua Babu Leni. Mzungu wa miaka sabini na kitu, peke yake katika boti ya kijani karibu na daraja la matofali, ubavuni mwa kichaka cha miiba. Jina lake Len, ubabu nilimpa mimi. Hakuwa na televisheni, na simu yake mara nyingi haina chaji. Kila nikipita ananiuliza habari za dunia, nami nampa nilizosikia, wamefunga hiki, wamekataza kile. Mwisho huuliza swali lile lile: "Wamefungua, bab?" Bab ndivyo wenyeji wa hapa wanavyokuita kwa upole. Alikuwa na jambo lake moja. Alizaliwa ndani ya boti, baba yake akibeba makaa, kwenye mfereji mmoja wa kaskazini, na alitaka kupeleka boti yake huko auone tena kabla hajafa. Aliniambia hivyo hivyo, bila kuzunguka.

Ramadhani ikaingia. Misikiti imefungwa, huna wa kumpelekea futari wala wa kukuletea. Kwetu Unguja, saa kumi na mbili jioni vichochoro vinapishana mabakuli yaliyofunikwa kawa, hili linakwenda kwa mama fulani, lile linatoka kwa bibi fulani. Mimi nimekaa na sufuria ya mihogo ya nazi, muhogo wa barafu na tui la kopo, nikaanza kulia. Salma akanitazama. "Just give some to the boat man, Mum," akasema.

Nikachukua bakuli la marehemu mama yangu, la bati, lenye maua mekundu na ukingo wa buluu, nikashuka nalo. Nililiweka juu ya paa la boti, nikarudi nyuma hatua mbili kama tulivyofundishwa, naye akatoka kulichukua. Kesho yake akanirudishia limeoshwa linang'aa. Nikamtania: kwetu, babu, bakuli halirudi tupu.

Laiti ningejua mzee yule hana mzaha. Tangu siku hiyo bakuli halikurudi tupu hata mara moja. Lilikuja na majani ya mnanaa kutoka kwenye chungu chake. Lilikuja na mayai mawili. Siku nyingine lilikuja na bonge la makaa ya mawe limefungwa kwa gazeti, tukacheka mimi na Salma mpaka jirani akagonga ukuta. Nami nikamshonea barakoa kwa foronya yenye mistari, kwa sababu ile aliyokuwa akiivaa ilikuwa aibu.

Siku ya mwisho ya mfungo nilimpelekea tambi za sukari. Akasema hana cha kutia, nimwachie bakuli mpaka kichaka kizae. Akakionyesha kile cha miiba. Huzaa matunda meusi madogo, binamu zake forosadi. Nikamweleza kwamba uani kwetu ulikuwepo mforosadi, nilikuwa nashuka juu yake midomo ya zambarau, mama ananisubiri chini na kandambili. Akafurahi sana. "Basi litarudi na hizo."

"Na mimi," nikasema, "siku wakifungua, nitakuja mwenyewe kukwambia."

"Ukiniambia wewe ndiyo nitaamini," akasema.

Wakafungua. Niliitwa kazini, mashuka yamenisubiri milima. Nikasema nitapita kesho. Kesho ikazaa kesho, na kesho zetu unazijua. Siku mojamoja nilimkumbuka, nikaona haya kwa kuchelewa, na haya zikanichelewesha zaidi. Majani yalipoanza kuanguka nikapita juu ya daraja kwa basi, nikachungulia. Boti haipo. Unadhani nilijilaumu? Nilimwambia Salma mzee kaondoka na bakuli la bibi yako. Hata shughulini nilikihadithia kisa hicho, mzungu aliyekula futari akala na chombo, wanawake wakacheka nami nikazidisha chumvi.

Ikapita miaka minne kasoro. Ilikuwa Februari, siku ya Ijumaa, basi halikuja kwa sababu barabara ilikuwa imefukuliwa. Nikaona nikate njia kwa chini, mferejini. Jua linazama. Wazee wetu walitukataza kuwa njiani magharibi, kwamba ni saa ya wenyewe, wale wasioonekana. Lakini ukiwa umesimama saa nane mbele ya pasi ya mvuke, miiko yote inatoka kichwani, unawaza kiti tu.

Nilipotokea chini ya lile daraja la matofali, kelele zikakatika. Sisemi zilipungua. Magari yaliyokuwa yakinguruma juu yangu, muziki wa mikahawa, vyote kimya. Nikaona benchi limezungushiwa utepe wa manjano. Nikainua macho, upinde wa mvua umebandikwa kwenye dirisha la fleti, rangi za penseli. Unajua nilifanya nini? Nilifurahi. Nilisimama nikauvuta ule ukimya kama mtu aliyenusa jiko la kwao. Kuogopa sikukumbuka kabisa.

Kisha nikasikia harufu ya moshi wa makaa. Boti ya kijani ipo pale pale. Babu Leni amesimama nyuma yake na barakoa ya foronya yenye mistari.

"Simama hapo, bab," akasema, amenyoosha kiganja. "Hatua mbili."

Nikasimama. Akainama, akatoa bakuli la mama yangu akaliweka juu ya paa, akarudi nyuma nilichukue.

"Unisamehe, nimekungojesha sana. Nilikuwa sina cha kutia."

Lilikuwa limejaa matunda meusi mpaka ukingoni, mengine yana umande. Februari. Kichaka chenyewe kilikuwa vijiti vitupu, nakiona kwa macho yangu. Nikaanza Ayatul Kursi, nikaikoroga, nikaanza tena, ikakwama pale pale.

"Wamefungua?" akauliza.

Niamini, ningeweza kukimbia. Miguu ilikwisha kuamua. Kilichonizuia ni sauti yake, kwa sababu haikuwa ya kulaumu, ilikuwa ile ile ya siku zote, ya mtu anayemwuliza mtu anayemwamini. Nikajua nikikimbia nitamwacha pale na kichaka chake na utepe wa benchi, anangoja. Na anayengojewa ni mimi.

"Wamefungua, babu," nikasema. "Walifungua zamani. Mimi ndiye niliyekaa nisije kukwambia. Nisamehe."

"Kwa hiyo naweza kwenda?"

"Nenda. Hakuna wa kukuzuia."

Akaivua barakoa, akaikunja vizuri, akaitia mfukoni. Ndiyo mara ya kwanza kuuona uso wake wote kwa karibu, na alikuwa anatabasamu. Akafungua kamba ya mbele, kisha ya nyuma. Boti ikaondoka bila injini, na maji hayakufanya hata kiwimbi. Ikaingia chini ya daraja. Nikangoja itokee upande wa pili, haikutokea. Kengele ya baiskeli ikalia mgongoni kwangu, kijana akanitukana kwa kuziba njia, na magari yakarudi kunguruma.

Nilifika nyumbani bila kujua nimefikaje. Salma sasa yuko chuo, anaishi Selly Oak na wenzake, lakini Ijumaa huja kula. Niliweka bakuli mezani nikaenda kusali magharibi, nikilia kwenye mswala. Niliporudi amekwisha kula nusu.

"Mum, where'd you even get blackberries in February?" akasema, midomo ya zambarau. Kisha akalitambua lile bakuli, akaliweka chini tunda alilokuwa amelishika.

Nikamtapisha? Nilitaka. Usiku kucha nilikaa kitandani kwake nimemshika mkono, namsomea. Hakuugua hata mafua. Alisema tu yalikuwa matamu, na kwamba hajawahi kula kitu baridi vile.

Asubuhi tulishuka pamoja. Pale mahali imefungwa boti nyingine, ya mwanamke mmoja mwenye mbwa. Nikamuuliza kuhusu Len. Akasema alifariki mwisho wa kiangazi kile kile cha kwanza, moyo, na boti yake ikavutwa ikauzwe. Sisi wote wa mferejini tulimwambia boti zimeruhusiwa kusogea, akasema. Wengine waliondoka. Yeye alikataa kufungua kamba, akisema kuna mama mmoja ameahidi kuja kumwambia mwenyewe, na ana bakuli lake. Alipokutwa, bakuli lilikuwa mapajani, ametoka kuchuma.

Salma ndiye aliyemshukuru.

Doa la zambarau limebaki ndani ya bakuli. Nimelisugua kwa majivu, kwa ndimu, kwa dawa za hotelini zinazotoa mpaka damu, halitoki. Shughulini sikihadithii tena kile kisa cha mzungu na chombo, na wanawake wakiniomba nakisimulia hivi hivi ninavyokusimulia wewe, nao hawacheki. Kila Ramadhani nalijaza bakuli nalipeleka kwa yeyote aliyefunga boti pale, kwa sababu lilirudi limejaa, zamu ni yangu, na mwenyewe wa kumpelekea hayupo. Mferejini siku hizi kumejaa watu na muziki kama zamani. Hakuna anayesalimia.

Sikukatazi kupita pale magharibi. Ninakuusia jingine. Ukimwambia mtu ningoje nitakuja, hata kama ni mzee usiyejua ukoo wake, hata kama ni neno la kuagia tu, nenda. Mimi nilisema kesho. Kesho yangu ilichukua miaka minne, na mtu alikuwa amekaa anaingoja.