Mwenyekiti na Shemeji Yake

Fundi Spika alianzisha chama chake baada ya chama kikubwa kulikata jina lake mchana kweupe. Alikuwa fundi wa redio na spika, mwenye kibanda nyuma ya stendi na sauti ya kujaza uwanja. Ofisi ya chama ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la mabati, viti vyenyewe vya kuazima. Kila uchaguzi aligombea ubunge, na kila uchaguzi akaanguka, tena puu! Watu wakamwita Mheshimiwa Mtarajiwa. Alicheka nao, maana chamani hakuna aliyekitamani kiti chake.

Mpaka alipoingia shemeji yake, mdogo wa kike wa mkewe, mshonaji asiye na makuu. Fundi alimpa ukatibu kwa kuwa hakudai mshahara. Siku moja sauti ilimkauka Fundi, akamwomba amsemee kwenye mkutano wa sokoni. Shemeji hakupiga kelele. Aliwauliza watu maji hutoka siku gani mabombani kwao, akanyamaza asubiri jibu. Uwanja mzima ukajibu! Tangu hapo wanachama walipanda ngazi wakiuliza, "Dada yupo?" Wakiambiwa yupo Mwenyekiti, wanageuza.

Uchaguzi ulipofika, Fundi akaanguka kama kawaida yake. Shemeji akawa diwani, wa kwanza chama kuwahi kumpata. Fundi alimpongeza meno nje, roho ndani inafukuta. Nyumbani akasusa chakula.

"Kila mahali Dada, Dada!" alimwambia mkewe. "Kwani chama hiki alikianzisha nani?"

"Wewe, baba. Sasa nani kakukataza kukifurahia?"

Wivu ukamnyima hata usingizi wa mchana. Wanachama walipoanza kunong'ona kwamba uchaguzi ujao ubunge agombee Dada, ndipo yakatokea ya uwanjani. Fundi alikuwa jukwaani, kando ya amplifaya yake ambayo hakumruhusu mtu kuigusa. Shemeji aliposimama, watu wakalipuka kwa shangwe kabla hajatamka neno. Fundi aliona giza. Akapenyeza mkono nyuma ya mtambo, akachomoa waya.

Sauti ikakatika. Shemeji aliitazama maiki, akamtazama Fundi, akashuka jukwaani hadi katikati ya watu. Wakasogeza viti, wakamzunguka, kimya. Jukwaani akabaki Fundi na spika zake.

"Mitambo imechoka," shemeji alisema. "Miaka yote Mwenyekiti wetu anaihangaikia peke yake. Mpigieni makofi."

Wakampigia. Fundi alitamani ardhi ipasuke immeze.

Njiani kurudi, mkewe hakumficha. "Mimi nimekuona. Na yeye amekuona."

"Najua."

"Basi?"

"Basi inaniuma, mama watoto. Angenitukana ningepona haraka."

"Iume tu. Lakini ukirudia, spika hizo utalala nazo."

Mkutano mkuu ulipoketi, Fundi mwenyewe ndiye aliyelitaja jina la shemeji, kwa sauti ya kukwaruza kama redio yenye betri chovu. Shemeji akagombea, akapita. Fundi akabaki mwenyekiti, na wivu wake haukuhama, ila sasa aliusema wazi mbele ya mkewe, wakacheka.

Siku ya kuapishwa mbunge, walimpangia safu ya pili. Alibishana na mhudumu wa ukumbi mpaka akahamishiwa ya kwanza, kwenye kiti pekee kilichobaki, pembeni kabisa, nyuma ya nguzo, asiweze kumwona vizuri anayeapa.