Maneno Marefu ya Mavis Yasiyo na E

Mavis Enid Greenhalgh, kwao Haworth. Baba yake alikuwa Amos Haworth, aliyepuliza tarumbeta katika bendi ya kanisa miaka thelathini na moja bila kukosa maandamano ya Pentekoste, hata mwaka ule wa mvua ya mawe. Bibi yake, Tabitha, alizima moto wa ghala la pamba kwa ndoo wakati wanaume wakibishana funguo za pampu anazo nani. Mavis mwenyewe alifunga sapatu kwenye maboksi kiwandani miaka ishirini na sita, na kwa miaka arobaini na moja alitunga chemshabongo ya gazeti letu la Ijumaa. Hakukosa wiki hata moja. Naomba msomaji alishike hilo, kwa sababu kuna wiki ambayo mtu mwingine angekosa.

Aliolewa na kaka yangu Wilfred, fundi wa mabasi. Alikuwa wifi yangu, na nyumba zetu zilishikana ukuta. Akikohoa kwake, nasikia kwangu.

Kompyuta hazikuwepo. Mtunzi alihitaji maneno marefu, hasa ya herufi kumi na tano, maana chemshabongo ya gazeti ilikuwa na visanduku kumi na tano kutoka ukingo hadi ukingo. Mavis aliyaandika kwenye kadi, kadi akazitia kwenye maboksi ya sapatu, na maboksi yakakaa chini ya ngazi. Hakuyapanga kama kamusi. Aliyapanga kwa udugu wa herufi. Boksi moja lilikuwa la maneno yasiyorudia herufi yoyote, kama uncopyrightable, yaani kitu ambacho huwezi kukiwekea hakimiliki. Jingine lilikuwa la maneno yenye irabu E peke yake: strengthlessness, kuishiwa nguvu, defencelessness, kukosa wa kukukinga. Na boksi alilolipenda kuliko yote, lenye mfuniko wa kijani, lilikuwa la maneno na mafungu ya maneno yasiyo na E kabisa. Hayo ni adimu, kwa kuwa Kiingereza hakiendi mbali bila E. Humo aliweka at a loss for words, herufi kumi na tano kamili, husemwa kwa mtu aliyekosa la kusema.

Nyumba ile ilikuwa na sheria yake. Mavis alipata neno na kuliandika mbele ya kadi pamoja na hesabu ya herufi. Wilfred alitafuta maana na kuiandika nyuma, kwa mwandiko wake. Kadi isiyo na maana haikuingia boksini. Kazi hiyo waliifanya Jumapili baada ya chakula, nami nilikuwepo karibu kila Jumapili. Wilfred alikunja mikono ya shati, akavaa miwani.

"Haya mama, wiki hii umeniletea wanyama gani?"

"Wanne."

"Wanang'ata?"

"Mmoja ana herufi kumi na sita."

"Huyo anang'ata. Dada Nellie, sogeza miguu."

Hivyo ndivyo walivyoishi. Walikuwa na mtoto mmoja, Glenys, aliyekwenda Kanada kufanya kazi ya uuguzi. Alikuwa ameshakata tiketi ya kuja kututembelea mwezi Aprili 1984.

Oktoba ya 1983 macho ya Wilfred yaligeuka manjano. Alijikuna hadi shati likawa na damu. Walimlaza siku nane, wakampima. Ijumaa ya mwisho daktari alimwita Mavis nje ya wodi. Siku hizo ndivyo ilivyokuwa: mke anaambiwa kwenye ujia, mume kabaki kitandani na gazeti lake. Daktari alimtajia ugonjwa, akamwambia hakuna cha kukata wala cha kutibu, na kwamba Krismasi huenda asiione. Halafu akasema, "Kumwambia au kutomwambia, hilo nakuachia wewe, Bi. Greenhalgh." Wakampa Wilfred vidonge vya kupunguza kuwashwa, akarudi nyumbani kwa basi.

Jumamosi asubuhi tulikuwa uani tunaanika nguo. Mavis aliniambia yote kwa sauti ileile ambayo angeniulizia vibanio.

"Umemwambia?" nikamuuliza.

"Bado."

"Wifi, yeye anangoja Aprili. Kila siku ananiambia Glenys anakuja Aprili."

"Najua."

"Basi mwambie leo, Glenys aje sasa. Au nimwambie mimi? Ni kaka yangu."

"Ni mume wangu," akasema. "Nitamwambia. Nishikie shuka hilo."

Siku nzima nilitega sikio ukutani, na sioni haya kusema hivyo. Nilisikia redio. Nilisikia birika. Kilio sikusikia.

Jumapili tulikula pai ya viazi na kabichi nyekundu. Wilfred alikula kidogo, akasingizia vidonge. Tukaondoa sahani, akavaa miwani, naye Mavis akamwekea kadi tatu mezani kama kawaida. Akafanya mbili. Ya tatu akaiinua kwenye mwanga.

"Lo! Kumi na nane! Mama, hili halitoshi gazetini. Utalikunja?"

"Halina E," Mavis akasema.

"Kweli halina. Umelitoa wapi?"

 Mavis alikuwa anafuta makombo mezani, kisha akapafuta tena palepale. Mimi neno nililiona, cholangiocarcinoma, lakini nilitoka shule nikiwa na miaka kumi na nne na halikuniambia kitu. Lingeniambia, ningelinyakua.

Kwenye kamusi kubwa halikuwemo. Wilfred akainuka taratibu, akaleta kamusi ya tiba tuliyoinunua kwenye soko la kanisa. Akapitisha kidole, akafika. Akasoma. Nikaona kidole kimesimama. Akarudi mwanzo wa mstari, akasoma tena, na safari hii mkono wa kushoto ulikuwa juu ya tumbo, chini ya mbavu, pale ambapo madaktari walikuwa wakimbonyeza.

 

Wilfred akageuza kadi, akaandika nyuma: saratani ya mirija ya nyongo. Mwandiko ulikuwa ule ule. Akakausha wino, akafungua boksi la mfuniko wa kijani, akaitia kadi mahali pake. Ndipo akavua miwani.

"Mpigie Glenys simu," akasema. "Mwambie asingoje Aprili."

"Sawa," Mavis akasema. Akaenda kwenye simu ukumbini.

Mimi nikamfuata hadi mlangoni, nimewaka. "Mavis, ulikusudia? Ndivyo ulivyoamua kumwambia?"

Alikuwa ameshika mkono wa simu, bado hajazungusha namba. Alinitazama kama mtu anayeulizwa amekula nini juzi.

"Niliandika kwa sababu halikuwa na E," akasema. "Daktari alipolitaja, nilihesabu. Sikufanya kingine, Nellie. Nilihesabu tu."

Glenys alifika tarehe kumi na tisa Novemba. Alikaa na baba yake siku kumi na tatu, akamnyoa, wakacheka mambo ya zamani ya karakana ya mabasi. Wilfred alikufa tarehe mbili Desemba. Ijumaa iliyofuata gazeti lilitoka na chemshabongo, na haikuwa na kosa. Kanisani watu walinong'onezana kuhusu Mavis kwamba hakutoa chozi. Ni kweli hakutoa. Hata miaka iliyofuata sikumwona akilia, wala akicheka sana. Kadi aliendelea kuziandika. Nyuma aliziacha tupu.

Glenys alirudi moja kwa moja mwaka 1990. Mwaka 2001 Mavis mwenyewe alianza kukonda, akaandikiwa vipimo. Siku ya kwenda hospitali tulikuwa watatu jikoni kwake, makoti mwilini, tukingoja teksi.

"Glenys," Mavis akasema. "Daktari akikuita kando, uende umsikilize."

"Mama, siku hizi hawaiti mtu kando. Wanamwambia mgonjwa mwenyewe."

"Hata hivyo. Wakiniambia mimi, nitahesabu. Kwa hiyo usikie wewe, halafu tukifika nyumbani uketi hapo, unitazame, uniambie. Jina lake usinitajie. Niambie ninakufa au sifi, na lini."

"Mama..."

"Nakupa kazi. Utaifanya?"

Glenys akatazama mlangoni, kisha akamtazama mama yake.

"Nitaifanya," akasema.

"Haya, nifungie kifungo cha juu. Vidole vyangu havishiki."