"Yes" niliyoifundisha redioni ilivyomfukuzisha kazi mama wa watu

Wakuu, habari za popote mlipo.

Kwa muda mrefu nimekuwa msomaji tu humu ndani. Leo naandika kwa sababu jambo hili limenikaa kifuani tangu 2018, na mama ninayemtaja ameniruhusu. Majina nimebadilisha. Mengine yote nayaweka kama yalivyotokea, hata pale yanaponiaibisha.

Mimi ni Mrundi, mwanamke, nimekulia kambini Kigoma. Wazazi wetu walifariki wakifuatana nikiwa darasa la sita. Nikaacha shule, nikabaki na wadogo zangu wawili, nikawalea mpaka tukapata safari ya kuja Houston.

Sisemi ili nihurumiwe. Nasema ili muelewe kwamba mtu aliyekuwa mkubwa wa nyumba tangu utotoni hupata ugonjwa mmoja: hajui kuambiwa "umekosea".

Kiingereza nilikiokota warehouse. Kila neno nililosikia nililiandika kwenye kipande cha boksi, natia mfukoni, nikirudi nyumbani namuuliza mdogo wangu Claudine, aliyekuwa high school. Nilianza na "lift" na "tape". Baada ya miaka nikawa nabishana na supervisor bila mkalimani.

Mwaka 2017 watu wa jumuiya yetu ya Wakatoliki walianzisha redio ndogo ya mtandaoni, kwenye chumba cha kutunzia majoho ya kwaya. Walitaka kipindi cha kuwafundisha watu Kiingereza cha kazini.

Kwanza waliletewa kaka mmoja Mkenya, nurse anayekaa Katy, Kiingereza chake kimenyooka kama rula. Akaanza na tenses. Wiki ya tatu wasikilizaji wakapiga simu kuuliza kama redio imeharibika.

Ndipo nikapewa mimi.

Mimi sikuwa na tenses. Nilikuwa na visa vya kazini. "Supervisor amekwambia hivi, wewe jibu hivi." Kila Jumamosi mchana. Watu walisikiliza wakiwa kazini, sikio moja lina earphone, na recording ikitumwa kwenye group inafika Dallas na Fort Worth kabla sijatoka chumbani.

Wakaanza kuniita Mwalimu. Mtu wa darasa la sita! Nilikuwa nikikata simu natabasamu peke yangu.

Sasa sikilizeni kosa lilipoingia.

Jumamosi moja msikilizaji alituma voice note: "Mwalimu, bosi akiniuliza 'You don't have a car?' na kweli gari sina, nijibu nini?"

Nikajibu palepale, sikufikiri hata kidogo: "Kama anachosema ni kweli, wewe sema Yes. Si ndivyo tunavyosema kwetu? Huna gari? Ndiyo, sina. Na useme kwa sauti, usinong'one. Huku wanampenda mtu anayejiamini."

Nyumbani Claudine alinisubiri mezani.

"Dada, that's wrong. Unatakiwa kusema No."

"No ya nini, wakati ni kweli sina?"

"Because you don't have it! No, I don't."

"Claudine, mimi ndiye niliyekufundisha kutamka 'maji'. Kula."

Akala. Hakusema tena.

Wiki chache baadaye kanisa moja la Stafford likaandaa workshop ya walimu wa kujitolea, Jumamosi nne, asubuhi. Nikajiandikisha. Mkufunzi alikuwa mama wa Kiindonesia, nitamwita Mama Ratna. Huko kwao alizunguka visiwani akifundisha walimu, na alikuwa na kipindi cha Kiingereza cha redio kwa wakulima na wachuuzi wa sokoni. Nilimpenda siku ya kwanza. Alivaa sweta kubwa la rangi ya manjano na kila mara alilalamika kwamba AC ya Texas imetengenezwa kwa ajili ya kuhifadhi nyama.

Jumamosi ya pili alisema neno ambalo sikulitilia maanani: "Mwanafunzi wa redio hana mkono wa kunyoosha. Ukikosea, anaondoka na kosa lako."

Jumamosi ya tatu akanisimamisha mbele ya darasa. "You don't live in Stafford?"

Kweli siishi Stafford. Nikasema kwa sauti, kwa kujiamini: "Yes!"

Akacheka mpaka akashika meza. "Sister, wewe ni Mwindonesia! Watu wangu wote wanajibu hivyo."

Kisha akaeleza, nami sijasahau. Lugha zetu humjibu mtu. Ukiniuliza "Huna gari?", nasema ndiyo, maana yake nakubaliana na wewe. Kiingereza hakimjibu mtu, kinajibu jambo lenyewe. Gari lipo? Yes. Halipo? No. Aliyeuliza ameuliza vipi, hiyo si hoja.

Darasa likaendelea. Mimi nilikaa, mikono imekuwa baridi, na haikuwa AC.

Wakuu, hapa ndipo penye aibu yangu. Mchana wa siku ileile nilikuwa na kipindi. Ningeweza kusema: ndugu zangu, nilikosea. Sentensi moja tu. Sikusema. Nilifundisha majina ya vyombo vya jikoni. Nilijiambia nitalisahihisha siku nyingine, kimyakimya, kama somo jipya, pasipo mtu kujua. Jumamosi iliyofuata pia sikusema.

Jumatano yake nikapigiwa simu kutoka Fort Worth.

Alikuwa Mama Goreth. Mjane, umri wa mama yangu angekuwepo, anasafisha vyumba kwenye hoteli moja. Kabla ya simu ile nilimjua kwa sauti tu, kwa sababu hakukosa kupiga simu kwenye kipindi.

Mgeni alikuwa amedai pete yake imepotea chumbani. Meneja akamwita ofisini Mama Goreth, akamuuliza: "You didn't take the ring?"

Akajibu: "Yes!"

"You didn't give it to anyone?"

"Yes, yes!"

"Nilisema kwa sauti, Mwalimu, kama ulivyotufundisha," akaniambia. "Sikunong'ona. Basi wakanivua beji. Sijui nilikosea wapi."

Nikamwambia nakuja.

Siku ya off tukaondoka alfajiri mimi na Claudine, mwendo wa saa nne na ushee barabarani. Claudine hakuniambia "nilikwambia". Hata mara moja. Ningefurahi zaidi angesema.

Tulimpitia Mama Goreth nyumbani kwake. Alikuwa amevaa kitenge cha kanisani, kana kwamba anaenda mahakamani. Kwa makusudi sikumweleza kitu njiani. Nilitaka meneja ajionee mwenyewe.

Meneja alikuwa mama wa makamo, si mtu mbaya, amechoka tu. Faili lilikuwa mbele yake. Claudine alitaka kuongea, nikamshika mkono. Kosa lilikuwa langu, hata Kiingereza kibovu cha kulikiri kilitakiwa kiwe changu.

Nikasema: "I am her teacher. On the radio. I taught her wrong. Please, look."

Nikamgeukia Mama Goreth. "Mama, you are not a man?"

"Yes!" akasema, amekaa wima.

"You are not sixteen years old?"

"Yes!"

"You are not the president of America?"

"Yes!"

Meneja akaweka kalamu chini. Akatutazama mmoja mmoja. Kisha akauliza polepole, yeye mwenyewe: "Did you take the ring?"

"No!" Mama Goreth akasema. "No, no. Never."

Meneja akasema kwamba kwenye faili ameandika "alikiri". Nikamwona akilikata neno lile kwa mistari miwili na kuweka saini pembeni.

Nikamgeukia Mama Goreth, nikamfafanulia kwa Kiswahili: Kiingereza kinajibu jambo, hakimjibu mtu. Alisikiliza mpaka mwisho. Akaniuliza, sauti ya chini sana:

"Kwa hiyo ni mimi mwenyewe niliyejiita mwizi?"

"Hapana, mama. Ni mimi niliyekuita."

Meneja akaomba msamaha, akamwambia anaweza kurudi kazini Jumatatu. Mama Goreth akatikisa kichwa. Meneja akashangaa.

"You don't want to come back?"

Mama Goreth akafikiri. Niliona midomo yake ikichezacheza kabla ya kujibu.

"No."

Sikujua ametumia kanuni ipi, ya kwetu au ya kwao. Nikainama: "Mama, umesema hutaki, au umesema si kweli kwamba hutaki?"

"Mwanangu, nimejibu jambo," akasema. "Sitaki. Siwezi kutandika vitanda vya watu walionivua beji."

Akasimama, akanyoosha kitenge, akampa meneja mkono, tukatoka.

Jumamosi iliyofuata sikufundisha. Nilifungua kipindi kwa kusema: nilikosea, nikataja siku, nikataja maneno yangu yote, nikasema nilijua kwa wiki nzima na zaidi nikanyamaza, na kwa ukimya wangu mwenzetu amepoteza kazi. Kisha nikamkaribisha Claudine kwenye mic afundishe "No, I don't" mwanzo hadi mwisho.

Group liliwaka moto. Wengine walitaka niondolewe, na sikuwalaumu. Mmoja aliandika: "Ndiyo maana shule ipo." Niliisoma mara nyingi hiyo. Kamati ikaniacha, kwa sharti kwamba kila kipindi Claudine akisikilize kwanza. Sharti hilo ningeliweka mwenyewe.

Mama Goreth alikaa muda bila kazi, kisha akapata kwenye nyumba ya wazee kule DeSoto. Pete ile sijui kama ilipatikana. Hanipigii simu kama zamani. Hunitumia salamu za Pasaka, na mimi hupokea hizo kwa heshima.

Mwaka 2020, corona ilipoingia, milangoni kwenye mawarehouse walianza kuwauliza wafanyakazi: "No fever? You haven't been sick?" Tulirudia somo lile Jumamosi tano mfululizo. Sikutaka hata mtu mmoja arudishwe nyumbani, au aingie mgonjwa, kwa sababu ya neno la herufi tatu.

Nililojifunza, wakuu, ni hili: kosa ulilolitangaza kwa sauti, lisahihishe kwa sauti hiyohiyo, na siku hiyohiyo. Ukisubiri wakati unaofaa, kuna mtu tayari yuko ofisini kwa bosi wake analirudia neno lako kwa kujiamini.

Na mdogo wako akikwambia umekosea, acha kula kwanza, umsikilize.

Kama na wewe ulishawahi kufundisha kitu kumbe sicho, au lugha ya ugenini iliwahi kukugeuza mtu usiye, andika hapa chini. Na kama unaona Mama Goreth ana haki ya kutonisamehe, andika vilevile. Nitasoma zote.